Je, wajua kwa nini dawa ya saratani huponya malale?

Mtu akivuka Likoni kuelekea Kwale, akafika Shimba Hills, huenda akaona vitambaa vya buluu na vyeusi vimetundikwa vichakani. Hiyo ni mitego ya mbung'o, ambao huko husumbua hasa ng'ombe kwa nagana. Kwingineko Afrika, mbung'o humwambukiza binadamu malale, na dawa mojawapo iliyowaokoa wagonjwa hao, eflonithini, ilitafitiwa miaka ya 1970 kwa ajili ya saratani.

Saratani na vimelea vinavyoleta malale havina undugu, ila vyote huzaana kwa kasi, na seli haiwezi kugawanyika bila kemikali ziitwazo poliamini. Eflonithini hukishika kimeng'enya kinachozitengeneza na kukilemaza kabisa. Mgonjwa hadhuriki sana, kwani seli zetu huunda kimeng'enya kipya upesi, ilhali kimelea cha malale ya Afrika Magharibi na Kati hukawia mno. Basi hukwama bila kuzaana, na kinga ya mwili ikakimaliza. Kimelea cha rhodesiense, ambacho ndicho kilichojulikana Kenya, nacho hukirudisha kimeng'enya chake haraka, na kwa hiyo dawa hii haikiwezi.

Miltefosini pia ilianzia kwenye saratani, kisha India ikaiidhinisha mwaka 2002 kutibu kala-azar, ugonjwa unaoenezwa na usubi na unaofahamika Baringo na Turkana. Ilikuwa dawa ya kwanza ya kumeza kwa ugonjwa huo, ingawa mjamzito hapewi.

Marekani iliidhinisha eflonithini kwa malale mwaka 1990. Kabla yake, waliofikwa na ugonjwa ubongoni walidungwa melasoproli yenye aseniki, iliyoua takriban mgonjwa mmoja kati ya ishirini. Hata hivyo, dawa mpya ilikuwa na adha yake: dripu kila baada ya saa sita kwa siku 14, yaani dripu 56, katika zahanati ambazo pengine hazina hata taa ya usiku. Baadaye ilichanganywa na vidonge vya nifutimoksi, zikabaki dripu 14 kwa siku saba.

Lakini katikati ya miaka ya 1990 utengenezaji wake ulisitishwa, kwa kuwa walioihitaji dawa hiyo hawakuwa na fedha. Kilichoifufua, na hapa ndipo msomaji anapoweza kuguna, ni krimu: mwaka 2000 dawa hiyo hiyo iliidhinishwa Marekani kupunguza ndevu za wanawake. Mwaka 2001 kukapatikana makubaliano na Shirika la Afya Duniani, na dripu za malale zikaanza kutolewa bure.