Hiyo sifuri mwaiamini ya nini?

Vijana wa Shimanzi na Changamwe hapa Mombasa mnaoingia kwa matangi, na nyie wa mashimo ya maji taka, leo nawasemesha kuhusu hiyo mashine ndogo ya kupimia gesi ya sumu mnayoitundika kifuani. Wengi mwaiwasha, mwaona sifuri, mwashuka. Hapo ndo pananitia wasiwasi.

Ndani mna sensa, yaani kihisi cha gesi, kikebe kidogo tu, kimetiwa asidi ya salfa na elektrodi tatu, vipande vya kupitishia umeme, gesi yapenya kwa kitundu na ngozi nyembamba, ikigusa elektrodi yaungua kikemia na kutoa umeme mdogo mno, gesi ikizidi na umeme wazidi, mashine yaugeuza kuwa ppm, yaani sehemu ngapi za gesi kwa kila sehemu milioni za hewa. Sasa sikiza, hakuna gesi hakuna umeme, sifuri. Lakini pia kitundu kikizibwa na vumbi au rangi, au asidi ikikauka, hakuna umeme, sifuri ile ile! Skrini haiwezi kuwaambia tofauti.

Kwa hivo kabla ya kazi puliza gesi ya majaribio kutoka kwa kile kisilinda, haimalizi dakika, isipolia hiyo mashine ni pambo. Mabosi wanaosema gesi ya majaribio ni ghali mie siwaelewi kabisa, hesabu yao wameifanya upande mmoja tu.

Na pua msiitegemee. Haidrojeni salfaidi, ile gesi ya sumu ya mashimo na matangi, yanuka mayai viza ikiwa kidogo tu, ila ikifika kama ppm 100 pua yafa ganzi, na hicho ni kiwango cha hatari ya roho. Alamu nyingi huwekwa ilie kwa ppm 10. Mtu akisema "aah harufu imeisha", huyo mtoeni mbio.

Mara nyingine yalia bure, ni kweli. Ukipaka sanitaiza mikononi ukashika mashine, ile spiriti yaweza kuamsha sensa ya kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya moshi, watu wanatoka mbio kumbe ni mkono wako mwenyewe. Toka kwanza, cheka baadaye.

Huku kwetu jasho na unyevu ni mwaka mzima, asidi yanyonya maji mpaka yaweza kuvuja, kwengineko kukavu yakauka. Sensa nyingi hukaa miaka 2 hadi 3 basi, hata ikiwa imelala kwa boksi. Na kila sensa na gesi yake, kontena lililopigwa dawa ya fosifini, gesi ya kuulia wadudu, lataka sensa ya fosifini, sio ile mashine ya matangi mmeazima kwa jirani.

Jambo jengine, msishuke nayo kabla hamjapima kutoka juu. Ifungeni kamba muiteremshe mita baada ya mita, kila kituo mungoje dakika kama 2 maana hizi sensa si za haraka, mpaka iguse chini kabisa, haidrojeni salfaidi ni nzito kuliko hewa na huko chini ndiko hukaa.