Chumvi, Unga na Mboga Ughaibuni: Maswali na Majibu kwa Wanaohama Kutoka Kisumu, Nakuru na Magharibi mwa Kenya

Muuguzi anayekwenda Uingereza, mwanafunzi anayekwenda Kanada au mzazi anayemfuata mwanawe Marekani huondoka akiwa amejiandaa kwa baridi, kwa kodi ya nyumba na kwa karatasi za viza, lakini chakula hukiacha kijipange chenyewe. Majibu haya yanaihusu Uingereza zaidi, kwa kuwa ndiko wanakokwenda wahudumu wa afya wengi. Marekani na Kanada zimetajwa pale mambo yanapotofautiana.

Swali: Dada yangu aliondoka Nakuru akiwa mwembamba. Miaka michache baadaye uzito umepanda na ana presha. Je, chakula cha kule kina kemikali?

Kemikali hulaumiwa haraka mno. Utafiti uitwao RODAM, ambao matokeo yake kuhusu unene yalitolewa mwaka 2016, uliwalinganisha Waghana wanaoishi nchini mwao, vijijini na mijini, na wenzao walioko London, Amsterdam na Berlin, na ukaonyesha kwamba unene wa kupindukia ulikuwa juu zaidi miongoni mwa walioko Ulaya. Watu hao ni wa asili moja, kwa hiyo ni busara kutazama kwanza mwenendo wa maisha: zamu za usiku, safari fupi zinazofanywa kwa gari, biskuti na soda za mashine ya hospitali, na sahani ya ugali ambayo haikupungua ingawa mlaji hatembei tena kwenda stendi wala halimi.

Swali: Nyumbani chumvi ni chumvi tu. Kwa nini nisumbuke kuchagua nikifika kule?

Kwa sababu ya nyumbani si chumvi tu. Sheria ya Kenya inataka chumvi ya mezani iwe na madini ya iodini, ambayo huzuia rovu na kulinda ukuaji wa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Vilevile, tangu mwaka 2012, unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani unatakiwa kuongezwa vitamini na madini, yakiwemo chuma, zinki na asidi ya foliki. Umekuwa ukipata kinga hiyo pasipo kuitafuta, isipokuwa kama unakula unga wa kusaga kwenye mashine ya mtaani, ambao kwa kawaida hauongezwi kitu.

Uingereza mambo ni tofauti. Chumvi nyingi inayouzwa madukani haina iodini, na wenyeji huipata zaidi kwenye maziwa na samaki. Sasa mfikirie mgeni ambaye ameacha maziwa kwa sababu yanamvuruga tumbo, na ameacha samaki kwa sababu hajaona ngege wala omena: amefunga milango yote miwili bila kujua. Anaweza kutafuta chumvi ambayo pakiti yake inaeleza kuwa ina iodini, au kurudisha samaki na mayai mezani. Anayesumbuliwa na maziwa ajaribu yaliyochachushwa, kama mtindi au kefir, ambayo kwa ladha yanakaribia mala na ambayo wengi huyavumilia vizuri zaidi. Badala ya omena, samaki wadogo wa kopo waitwao "sardines", wanaoliwa pamoja na mifupa yao, huleta kalisi vilevile. Marekani, chumvi yenye iodini na isiyo nayo hukaa rafu moja, na pakiti husema ni ipi. Kanada, sheria inataka chumvi ya mezani iwe nayo. Hata hivyo, hakuna anayepaswa kuzidisha chumvi ili apate iodini, kwani kipimo cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima kinabaki chini ya gramu 5 kwa siku.

Mwanamke anayepanga kushika mimba asitegemee unga wa nchi yoyote. Mwongozo wa Uingereza ni kidonge cha mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12, ili kumkinga mtoto dhidi ya mgongo wazi.

Swali: Unga wa ugali utapatikana?

Utapatikana, hasa katika maduka ya Waafrika na ya Waasia. Jihadhari na mawili: pakiti iliyoandikwa "cornflour" Uingereza ni wanga mtupu wa kukolezea mchuzi, na baadhi ya unga wa mahindi wa Marekani huwa tayari umechanganywa na beking poda na chumvi, jambo ambalo mtu mwenye presha atalijua tu akisoma orodha ya viungo.

Swali: Mimi ni mama wa Nyalenda, Kisumu. Kijana wangu ananiambia kule hakuna mboga za kienyeji, anakula chipsi na kuku kila siku. Nimwambie nini?

Mama, mwambie aulize kwa majina ya watu wengine. Mrenda huliwa sana na Wamisri, ambao huuita molokhia, na maduka ya Waarabu huuuza ukiwa umegandishwa. Mchicha, yaani terere, Wajamaika huuita callaloo. Ukiwa wa kopo asuuze kwanza, maana umetiwa chumvi. Sukuma wiki ina ndugu zake wa karibu, "spring greens" Uingereza na "collard greens" kusini mwa Marekani, na bei yake si ya kutisha. Saga ni kazi kuipata, na kwa hiyo wengi huikosa hadi warudi likizo.

Mboga zilizogandishwa zisidharauliwe. Watu wetu waliozoea kuchagua fungu bichi pale Kibuye huziona kama makapi, ilhali hugandishwa muda mfupi baada ya kuvunwa na hubaki na sehemu kubwa ya virutubisho vyake. Kwa mfanyakazi wa zamu ambaye majani mabichi humwozea kwenye friji, mimi ningezipendekeza kabla ya zile mbichi.

Onyo moja ni zito. Mimea inayofanana na managu humea yenyewe Ulaya, na humohumo humea Atropa belladonna, yenye matunda meusi yanayong'aa na sumu inayoweza kuua. Asichume mboga porini kwa kukisia.

Swali: Tarehe kwenye pakiti zinanichanganya. Pua yangu haitoshi?

Kwa samaki wa sokoni pua husaidia sana, lakini kwa vyakula vya friji haitoshi, kwa kuwa bakteria wa listeria huweza kukua ndani ya baridi bila harufu wala utelezi. Uingereza, tarehe ya "use by" ni ya usalama, na ikipita chakula hicho kisiliwe hata kikinukia vizuri. "Best before" ni ya ubora tu, na unga au mchele uliopitisha siku chache hauna tatizo ukiwa mkavu. Vyakula vinavyopunguzwa bei jioni mara nyingi vimekaribia tarehe hiyo ya kwanza, kwa hiyo vipikwe siku hiyo au vigandishwe kabla haijapita. Friji iwe na nyuzijoto 5 au chini yake.

Swali: Nimenunua chungu cha umeme kinachopika polepole. Maharagwe yanaweza kukaa humo mchana kutwa?

Hapana, si maharagwe mekundu mabichi. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauivunji, na mlaji hutapika na kuhara vibaya. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, kisha yachemshe kwa nguvu kwenye jiko kwa dakika zisizopungua 10 (Marekani hushauri 30) kabla ya kuyahamishia humo. Ya kopo yamekwisha kupikwa.

Swali: Kwa nini naambiwa ninunue vitamini D?

Jua la magharibi mwa Kenya huiwezesha ngozi kuitengeneza mwaka mzima. Uingereza, jua la kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi halitoshi, na ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Ndiyo sababu serikali ya huko huwashauri wenye asili ya Kiafrika wafikirie kumeza mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima.

Swali: Nina presha. Nisome nini kwanza kwenye lebo?

Anza na chumvi. Katika rangi za lebo za Uingereza, chakula chenye zaidi ya gramu 1.5 za chumvi katika kila gramu 100 hupata nyekundu, na kisichozidi gramu 0.3 hupata kijani. Vidonge vya mchuzi, soseji na supu za pakiti ndivyo hudanganya zaidi. Marekani huandika sodiamu badala ya chumvi. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi yenyewe, na tazama kwanza lebo imehesabu watu wangapi, maana pakiti unayoimaliza peke yako huenda imehesabiwa kuwa ya wawili.