Tambi, soseji na mboga kwenye kikaango kimoja: yanayosemwa na yanayotokea jikoni

Mara ya kwanza nilipopika chakula hiki nilifuata maneno matatu niliyokuwa nimeambiwa: tia, funika, subiri. Baada ya robo saa nikafunua. Tambi zilikuwa zimeshikana kama ufagio uliolowa, karoti mbichi kabisa, spinachi zimegeuka ute, na soseji za kijivu zinaelea juu kama vidole vilivyokaa majini kutwa. Tulikula kwa sababu ya njaa.

Nimeshapika mara nyingi tangu hapo, na naona ushauri mwingi mbovu kuhusu pishi hili unatoka sehemu mbili. Mwingine umetolewa kwenye tambi za kawaida, zile za sufuria kubwa na maji ya kumwaga. Mwingine umetoka kwenye pishi lenyewe lililolipa umaarufu, lililochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Martha Stewart la Marekani: tambi, nyanya ndogo, kitunguu, kitunguu saumu, basili, mafuta na maji, vyote vikianza pamoja kwenye kikaango kimoja. Itazame orodha hiyo tena. Nyama haimo, karoti haimo, brokoli haimo. Watu walichukua utaratibu ule ule wakaujaza soseji na mboga ngumu, kisha wakashangaa.

"Kikaango kimoja, basi vyote viingie kwa mkupuo mmoja"

Hapa ndipo chakula kinapoharibika zaidi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tambi kavu nyingi huiva kwa dakika 9 hadi 12. Karoti iliyokatwa vipande vinene inataka zaidi ya hapo. Spinachi inataka nusu dakika. Soseji nayo inataka kitu ambacho maji hayawezi kuipa hata ukichemsha mpaka kesho, yaani rangi ya kahawia na ile harufu inayomfanya mtu aliye chumba cha pili aulize unapika nini. Rangi hiyo hutokea protini na sukari za nyama zinapokutana na joto kali, mabadiliko yaliyoelezwa mwaka 1912 na mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard. Huanza kushika kasi kwenye nyuzijoto 140 hivi. Maji yanayochemka hayavuki 100. Maadamu kuna maji kwenye kikaango, soseji itaiva lakini haitapata rangi.

Kwa hiyo soseji huanza peke yake. Kwa watu wanne natumia gramu 300, nazikata vipande vya unene wa kidole, naziweka kwenye kikaango kipana chenye kijiko kimoja cha mafuta, moto wa wastani, halafu naziacha. Kuziacha ndiyo kazi ngumu. Mkono unataka kugeuza kila sekunde kumi, na kila ukigeuza unaikata rangi kabla haijashika. Dakika tatu upande mmoja, mbili upande wa pili, kisha zinatoka zinakaa kwenye sahani.

Katika mafuta yaliyobaki inaingia karoti iliyokatwa nyembamba, kitunguu na pilipili hoho. Zikishalegea, kitunguu saumu kwa nusu dakika, kikizidi hapo kinaungua na kuleta uchungu. Ndipo maji yanaingia, nakwangua kwa mwiko ule ukoko wa kahawia ulioshika chini (ladha kubwa iko pale, usiuogope), na tambi zinafuata. Brokoli au njegere zinaingia zikiwa zimebaki dakika nne, na soseji zinarudi wakati huo huo zimalizie kuiva. Spinachi inaingia moto ukishazimwa.

Halafu kuna nyanya. Asidi yake huchelewesha mboga kulainika, kwa sababu pektini inayoshikilia kuta za mboga haiyeyuki upesi penye asidi. Ukitia karoti mbichi ndani ya mchuzi wa nyanya unaweza kumaliza kuivisha tambi na karoti bado inalia kachukachu. Ndiyo maana yangu hulegea kwenye mafuta kwanza, kabla nyanya haijaingia.

"Kukaanga kwanza hufungia maji ndani ya nyama"

Wazo hili lilienezwa na mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1847, na bado linatembea. Tega sikio tu kwenye kikaango: ule mchirizo unaousikia ni maji yanayotoka kwenye soseji na kugeuka mvuke. Kama kingekuwa kimefungwa kitu, kikaango kingekuwa kimya. Tunakaanga kwa ajili ya ladha na rangi.

"Tambi lazima ziogelee kwenye maji mengi yanayochemka kwa fujo"

Sheria ya lita moja kwa kila gramu 100 za tambi ina sababu zake. Maji mengi hayapoi sana tambi zinapoingia, na wanga unaotoka unasambaa mbali, kwa hiyo tambi hazishikani kirahisi. Lakini kuiva kwenyewe hakutaki bahari. Tambi kavu inataka mambo mawili: kunywa maji, na wanga wake kupata joto la kutosha kuvimba na kulainika. Kazi hiyo ya pili huanza kwenye nyuzijoto 60 na kitu, chini kabisa ya kiwango cha kuchemka.

Mwaka 2009 Harold McGee, mwandishi wa sayansi ya mapishi, alieleza katika gazeti la New York Times jinsi alivyopika tambi kwa maji machache, akianza na maji baridi, na zikaiva vizuri. Mwaka 2022 Giorgio Parisi, Mwitalia aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla, aliwachokoza wenzake kwa kuunga mkono njia ya kuzima jiko katikati ya upishi na kuacha sufuria imefunikwa. Wapishi wa huko wakapiga kelele. Ubishi wao ulihusu ubora wa tambi zinazotoka. Kwamba joto chini ya kuchemka huivisha wanga halina mjadala.

Njia rahisi ya kulielewa pishi hili ni kulifikiria kama wali. Unapima maji, chakula kinayanywa yote, humwagi kitu. Kwa gramu 300 za tambi fupi mimi natia mililita 850 hadi 900 kikaango kikiwa wazi, au mililita 750 hivi nikifunika, kwa kuwa mvuke unarudi. Nyanya zikiwa nyingi na zenye maji, napunguza kidogo. Chombo kiwe kipana, sentimita 28 au 30, ili tambi zilale zimezama badala ya kurundikana.

Ila maji machache yana masharti yake. Dakika mbili za kwanza ndizo za hatari: wanga wa juu ya tambi unakuwa gundi, na tambi mbili zilizogusana bila kukorogwa zitabaki zimeoana mpaka mezani. Koroga mfululizo dakika hizo mbili, kisha mara moja kila dakika. Mwishoni sikiliza tena. Sauti ya kutokota kwa mapovu makubwa inageuka mfoko mzito wa polepole. Pitisha mwiko chini ya kikaango. Ukiacha njia inayojifunga taratibu, mchuzi uko sawa. Njia ikibaki wazi na ukasikia mchirizo, maji yamekwisha na chakula kinaanza kushika. Ongeza robo kikombe cha maji ya moto bila kuona haya.

Na usihukumu kwa saa peke yake, wala kwa kurusha tambi ukutani, kwani iliyopitiliza nayo hunasa vizuri tu. Ing'ate moja. Ukiona kidoti cheupe katikati, zipe tambi dakika moja nyingine. Kikiwa karibu kupotea, zima. Joto lililobaki litamalizia.

"Maji yawe na chumvi kama ya bahari"

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Hakuna anayeweza kula tambi hizo, na hata wanaolirudia neno hili hawapimi hivyo. Kipimo cha kawaida cha tambi za kumwaga maji ni gramu 10 kwa lita, na sehemu kubwa ya chumvi hiyo inaishia kwenye sinki. Kwenye kikaango kimoja hakuna sinki. Tia gramu 9 kwenye mililita 900 na zote tisa zinaingia matumboni, zaidi ya gramu 2 kwa kila mmoja wa watu wanne. Soseji nyingi zina takriban gramu 2 za chumvi kwa kila gramu 100, kwa hiyo fungu la gramu 75 linaongeza moja na nusu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, na bado hujaongeza jibini. Nusu kijiko cha chai kinatosha kuanzia. Onja mwishoni, maana kadiri maji yanavyopungua ndivyo ukali wa chumvi unavyopanda.

Na wale wanaosema chumvi huharakisha maji kuchemka: gramu 10 kwa lita huongeza kiwango cha kuchemka kwa chini ya sehemu mbili za kumi za nyuzi moja. Haiharakishi wala haicheleweshi kitu utakachokiona.

"Mafuta kwenye maji huzuia tambi kushikana"

Yanaelea juu, tambi ziko chini. Kinachozuia ni mwiko. Hapa hata hivyo mafuta yana kazi nyingine: yakichanganyika na wanga uliotoka kwenye tambi, yanatengeneza mchuzi unaong'aa na kushika. Kwa sababu hiyo huhitaji krimu, na usisuuze tambi kabla ya kuzitia, maana unaosha kile kile unachokitaka. Jibini iingie moto ukishazimwa. Kwenye moto mkali hukusanyika mabonge yenye nyuzi.

"Soseji ikiwa kahawia nje imeiva"

Hili silichukulii mzaha. Soseji mbichi ni nyama iliyosagwa, na kusaga huchanganya vijidudu vya juu ya nyama mpaka ndani. Miongozo ya usalama wa chakula ya Marekani inataka katikati ya soseji ifike nyuzijoto 71 kwa nyama ya ng'ombe au nguruwe, na 74 kwa kuku. Kipimajoto kidogo cha jikoni kinamaliza ubishi. Usipokuwa nacho, faida ya pishi hili ni kwamba vipande vinarudi kwenye mchuzi unaotokota kwa dakika nne au tano, na kipande cha unene wa kidole kinapata joto mpaka ndani.

Rangi hudanganya kwa upande wa pili pia. Soseji iliyohifadhiwa kwa naitraiti, chumvi ya kuhifadhia nyama, hubaki ya waridi hata ikiivishwa sana. Ukiikaanga mpaka waridi ipotee utakula ngozi kavu. Soma pakiti kujua kama uliyonunua ni mbichi au imekwisha kupikwa kiwandani. Kuhusu kuichoma kwa uma isipasuke, hapa tunaikata vipande, kwa hiyo habari hiyo imekwisha.

"Soseji ni sumu sawa na sigara"

Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Shirika la Afya Duniani, IARC, liliweka nyama zilizosindikwa katika kundi la 1, ambamo tumbaku nayo imo. Watu wakasoma kundi wakadhani ni kipimo cha ukubwa wa hatari. Kundi hilo linaeleza uhakika wa ushahidi kwamba kitu kinasababisha saratani, na halisemi kinasababisha kiasi gani. Kadirio lililotolewa ni kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza uwezekano wa kupata saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Si jambo la kupuuza, hasa kwa mlaji wa kila siku. Kwangu mimi soseji hapa ni kiungo, mboga zinaizidi uzito, na silipiki kila jioni.

"Mboga za kugandishwa hazina kitu"

Hugandishwa mara baada ya kuvunwa, zikiwa zimetokoswa kidogo, na virutubisho vingi hubaki. Zitie zikiwa na barafu yake, zikiwa zimebaki dakika tatu au nne. Ukiziyeyusha kwanza zinalegea. Vitamini C inayochuruzika kwenye maji nayo haiendi mbali, kwa kuwa maji hayo ndiyo mchuzi utakaoula.

"Kiporo chake hakifai"

Kinafaa, ila kimekunywa mchuzi wote usiku na kuwa bonge. Kitie kwenye friji ndani ya saa mbili baada ya kupikwa, kwenye chombo cha kina kifupi kipoe haraka. Siku ya pili usikipashe kikavu: vijiko vitatu vya maji kwenye kikaango, mfuniko juu, moto mdogo, na usikoroge mpaka bonge lianze kulegea lenyewe. Ukilivunja kwa nguvu kabla ya hapo utapata rojorojo la tambi zilizokatikakatika. Kikishatoa mvuke kote kote na kuwa cha moto mpaka katikati, kamulia limau kidogo.