Kuchora mandhari mpya juu ya kanvasi ya zamani

Kuchora juu ya picha ya zamani ni kuchukua kanvasi ambayo tayari ina picha, iwe iliachwa njiani au ilikamilika lakini haikupendeza, na kuitumia kama msingi wa picha nyingine. Ile ya kwanza haiondoki. Inabaki chini, na uimara wa ya pili unategemea jinsi ile ya chini ilivyoshika. Wengi hudhani kazi kubwa ni kuficha rangi za zamani. Rangi hufichika bila taabu. Vinavyosumbua ni mafuta na matuta.

Jambo lenyewe ni la siku nyingi, na mara nyingi chanzo chake ni mfuko. Vincent van Gogh, akiwa Paris mwaka 1887, alichora kipande cha majani juu ya kichwa cha mwanamke wa shamba alichokuwa amekichora awali. Mwaka 2008 wanasayansi walikiona kichwa hicho kwa eksirei bila kukwangua chochote.

Anza kwa kujua chini kuna rangi gani. Lowesha pamba kwa spiriti, sugua taratibu kwenye kona kwa nusu dakika. Rangi ikilainika, ikanata na kuchafua pamba, hiyo ni akriliki (rangi ya wachoraji inayochanganywa na maji) au rangi ya maji ya ukutani. Pamba ikitoka safi, yaelekea ni rangi ya mafuta iliyokwisha kukauka. Kama picha ilipigwa vanishi, pamba inaweza kubeba vanishi tu na kukudanganya, kwa hiyo kwangua alama ndogo kwanza. Picha za mtindo wa Tingatinga, zinazopakwa rangi ya kopo ya kung'aa, zihesabu upande wa mafuta.

Kwa nini hilo ni muhimu? Kwa sababu mafuta hukaa juu ya akriliki, lakini akriliki haikai juu ya mafuta. Uso wa rangi ya mafuta ni laini na haunyonyi maji, hivyo akriliki hukauka juu yake kama ngozi iliyolala tu. Itapendeza kwa muda, kisha itaanza kubanduka vipande vipande, na hakuna dawa ya kuirudisha. Geso ya kawaida, ile rangi nyeupe ya kuandalia kanvasi, nayo ni akriliki, kwa hiyo kuipaka juu ya picha ya mafuta ni kosa lilelile. Chini kukiwa na mafuta, endelea na mafuta.

Kisha pima kama ya zamani imeshika. Chora alama ya msalaba kwa wembe, bandika selotepu, ibane vizuri, ivute kwa mpigo mmoja. Ikitoka na magamba ya rangi, usijisumbue: ng'oa pini, tupa kitambaa, wamba kingine kwenye fremu ileile. Amerikani nzito inatosha, na fremu ya mbao ya msonobari wa Mufindi, kama haijapinda, itatumika tena na tena. Fanya hivyo pia kitambaa kikiwa kimeota ukungu, jambo la kawaida kwa picha zilizoegemezwa ukutani huko Tukuyu wakati wa masika.

Sasa matuta. Chukua mfano wa picha ya twiga iliyopakwa rangi nzito, na unataka kuweka Mlima Rungwe asubuhi, ukungu ukiwa umelala kwenye mashamba ya chai. Zima taa, washa tochi ya simu, iweke ubavuni mwa kanvasi mwanga ukipita sambamba na uso. Utaiona shingo ya twiga imesimama kama bomba. Paka makoti mangapi unayotaka, hiyo shingo itapita katikati ya anga, na itaonekana kila jua la dirishani likigonga kutoka upande. Anga na ukungu ndivyo visivyosamehe tuta. Majani, mawe na migomba huvumilia. Kwa hiyo, ama ulikwangue kwa skrepa, ama upange picha mpya ili shina la mgomba liangukie palepale. Hili la pili ndilo ningelichagua mimi, kwa kuwa huokoa kitambaa na tuta linageuka kuwa mali. Kuipindua kanvasi kichwa chini nako husaidia: jicho huacha kumfuata twiga.

Baada ya kukwangua, piga msasa namba 150, kisha 220, ukiwa umelowa maji kidogo. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na vumbi lake si la kuvuta, hivyo vaa barakoa. Weka ubao nyuma ya kitambaa usije ukakitoboa. Unachotafuta ni uso usiong'aa. Futa kwa maji yenye tone la sabuni ya vyombo, hasa kama picha ilikaa karibu na jiko, iache siku nzima.

Chini kukiwa na akriliki, paka geso makoti mawili membamba, la pili likivuka la kwanza kwa mwelekeo. Maji ya kuongeza yasizidi robo. Chini kukiwa na mafuta, paka koti jembamba la nyeupe iliyochanganywa na rangi ya udongo kidogo, ukiilegeza kwa tapentaini, na tabaka za juu ziongezewe mafuta hatua kwa hatua. Ukigeuza mpangilio huo, tabaka la juu litakauka kabla ya la chini na kupasuka. Alama za kalamu ya maka zikwanguliwe kabisa, maana wino wake hupenya rangi na kujitokeza upya.

Baridi ya nyanda za juu ina hesabu yake. Akriliki ikikaukia chini ya nyuzi 10 hivi haishikani sawasawa, inakuwa ya ungaunga. Usiku wa Juni na Julai Mbeya, Njombe au Makete hufika huko. Paka saa nne asubuhi ili iwe imekauka kabla ya jioni, na usiikaushe kwa jiko la mkaa. Masizi yatatua juu ya rangi mbichi.

Kuna jambo moja ambalo maandalizi hayazuii moja kwa moja. Rangi ya mafuta huzidi kupitisha mwanga kadiri miaka inavyokwenda, na umbo jeusi lililo chini ya anga jeupe huweza kurudi kama kivuli. Wachoraji huita hali hiyo pentimento. Ndiyo maana koti la kijivu cha wastani juu ya sehemu nyeusi, kabla ya anga, lina maana kuliko makoti matatu ya nyeupe tupu.