Kitabu cha picha si albamu

Albamu tunaijua sote: ile ya mama, yenye kurasa za gundi zilizofunikwa nailoni, picha zimepangwa moja moja na nyingine zimeganda humo hazibanduki tena. Kitabu cha picha ni kitu kingine. Humo hakuna kilichobandikwa. Picha imechapwa juu ya ukurasa wenyewe, kisha kurasa zikakatwa, zikaungwa na kuvalishwa jalada. Ukimsikia mpiga picha wa harusi akisema fotobuku, ndicho anachokizungumzia.

Kinachofanya hata nakala moja iwezekane ni mashine za kidijitali. Katika uchapaji wa ofseti, ule wa magazeti na vitabu vya maelfu ya nakala, kila rangi hutengenezewa bamba lake la kuchapia, na gharama ya mabamba hailipi mpaka uchapishe nakala nyingi. Mashine ya kidijitali haina mabamba. Inasoma faili na kuchapa.

Sasa, kitabu bora ni kipi? Wengi hukimbilia jalada: la ngozi, la kitambaa, lenye jina kwa maandishi ya dhahabu. Mimi nasema anza na faili, maana jalada zuri halijawahi kuokoa picha mbovu.

Wachapaji huomba pikseli 300, vile vidoa vidogo vinavyounda picha, kwa kila inchi ya karatasi. Ukurasa wa A4 ni milimita 210 kwa 297, kwa hiyo picha ya kuujaza wote inahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508, yaani karibu milioni 8.7. Simu yenye kamera ya megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12, inazifikisha. Shida ni njia picha iliyopitia kabla ya kukufikia. Ikitumwa WhatsApp kwa ubora wa kawaida hupunguzwa, mara nyingi upande mrefu ukabaki na pikseli kama 1,600. Gawanya kwa 300: unapata inchi tano na kidogo. Hiyo ni postikadi, si ukurasa.

Hili nililijua baada ya kulipa. Nilimtengenezea bibi kitabu cha kutimiza miaka 70, na picha niliyoipenda kuliko zote, yeye kibarazani anasuka ukili, niliitoa kwenye grupu la familia. Kwenye simu ilikuwa kali. Kwenye karatasi, ukurasa mzima, miwaa ilikuwa imeshikana ikawa utepe mmoja wa rangi ya uji, na vidole vya bibi havina kucha. Binamu yangu aliyeipiga alikuwa nayo halisi simuni mwake siku zote. "Si ungeniomba tu, kaka?" Ningemwomba, angenitumia kama dokumenti, au tungeihamisha kwa waya, nayo ingefika nzima.

Jambo la pili ni rangi. Kioo cha simu kinatoa mwanga. Karatasi inasubiri mwanga wa chumbani. Tena kioo huchanganya nyekundu, kijani na buluu, ilhali mashine hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, na kuna rangi ambazo wino hauzifikii. Ndiyo maana picha hutoka zimefifia na zimeingia giza, na wanaoumia zaidi ni sisi wenye ngozi nyeusi katika picha za usiku: nyuso zinazama, yanabaki meno na shela. Pandisha mwanga wa picha kidogo kabla ya kutuma, na uombe prufu, yaani chapa ya majaribio, ya ukurasa mmoja au miwili kwenye karatasi ileile itakayotumika.

Karatasi hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba. Ya printa ya ofisini ni gramu 80; ya kitabu cha picha isipungue 170, la sivyo picha ya nyuma inachungulia. Ya kung'aa hukoleza rangi lakini huonyesha alama za vidole na humeremeta chini ya taa. Kwa kitabu kitakachozunguka sebuleni mkono kwa mkono, nachagua isiyong'aa.

Kisha angalia kinavyofunguka. Kilichogandishwa kwa gundi mgongoni hakilali wazi, hivyo picha iliyotandazwa kurasa mbili humezwa katikati. Usiweke uso wa mtu pale. Vile vya harusi, vyenye kurasa nene zilizobandikwa mgongo kwa mgongo, hulala bapa kabisa, ila bei yake ni nyingine. Na picha inayofika ukingoni iongezewe milimita 3 kila upande, kwa kuwa kisu cha kukatia hakipiti palepale kila mara.

Nilichapisha nakala ya pili kwa bei ileile. Ya kwanza bibi amekataa kuirudisha. Anasema ule ukili una ukungu kwa sababu ya miwani yake.