Mkojo usiozuilika na dawa za Kihindi: maswali ninayoulizwa Lamu

Mimi ni muuguzi. Wanaoniuliza haya ni wanawake waliokwisha koma hedhi, wa Langoni, Mkomani na Shella, na wale wanaokuja kwa mashua kutoka Faza na Kizingitini. Mara nyingi hata si mama mwenyewe anayeuliza. Ni mkaza mwana, anayebaki nyuma mama akishatoka chumbani, akaninong'oneza kwamba godoro limeanikwa tena.

Kutokwa na mkojo bila kutaka ni nini?

Ni mkojo kutoka bila ruhusa yako, uwe tone moja au uwe wa kulowesha leso. Ukitoka unapokohoa, kucheka au kuinua ndoo, misuli ya chini ya nyonga imelegea. Ukibanwa ghafla usifike chooni, kibofu kinajikaza kabla ya wakati wake. Wengi wana yote mawili.

Si ni uzee tu?

Hapana. Umri huchangia, lakini uzee si ugonjwa, na "ni uzee" si jibu la kumpa mtu mzima anayelowa. Nyuma ya mkojo huo mara kwa mara tunakuta sukari, maambukizi ya njia ya mkojo, kizazi kilichoshuka, choo kikubwa kilichofunga, au dawa ya presha ya kukojosha inayomezwa jioni badala ya asubuhi. Yote haya yana la kufanywa.

Hizo dawa za Ayurveda ni zipi?

Ayurveda ni tiba ya kale ya Bara Hindi. Kwao mwili huendeshwa na nguvu tatu, vata, pita na kafa, na mkojo usiozuilika huhesabiwa zaidi kuwa tatizo la vata. Zinazofika hapa ni vidonge vya Chandraprabha Vati na unga wa mimea kama gokshura, punarnava au ashwagandha. Huletwa na jamaa aliyekwenda India kutibiwa, au hununuliwa Mombasa. Mpaka zinifikie mezani, huwa zishahamishiwa kwenye chupa ya kahawa isiyo na karatasi wala jina, na kijiko kimo ndani.

Gokshura inafaa kwa mkojo, sivyo?

Gokshura mnaijua. Ni mbigili, hii hii inayotuchoma nyayo. Na hapa ndipo ninapochoka, kwa sababu hata vitabu vyao vinasema wazi. Charaka, mmoja wa waganga wao wa kale, aliiweka katika kundi la mimea ya *kukojosha*. Mimea ya kupunguza mkojo ina kundi lake jingine, na humo mna zambarau na embe. Punarnava nayo inajulikana kwa kukojosha. Sasa wewe shida yako ni kulowa, halafu unakunywa cha kuongeza mkojo asubuhi na jioni! Mganga wa Ayurveda aliyesomea kazi yake angekuuliza maswali kabla ya kukupa. Muuzaji anasikia neno "mkojo" tu, anakufungia unga.

Basi nimalize chupa kwanza, ikishindikana nitakuja hospitali?

Hapana. Usimalize. Njoo kwanza.

Swali hili ndilo linalonifanya niandike. Mama anakunywa chupa ya kwanza, anaona kama nafuu. Anaagiza ya pili. Ya tatu inachelewa Mombasa, anaingoja. Miezi inapita, na anapoletwa amekonda, ana kiu isiyokatika, anaamka usiku mara nyingi kukojoa. Tunamchoma kidole: sukari. Sukari ikizidi kwenye damu hupita kwenye mkojo na kuvuta maji, basi kibofu hujaa kila saa. Hakuna unga uliokuwa unatibu kitu pale. Kipimo cha kidole ni cha dakika chache, na wakati wote huo macho, figo na miguu vilikuwa vikiharibika.

Na kama nilikuwa na maambukizi tu? Njoo kwanza, yanaweza kupanda kwenye figo. Na kama ni kizazi kimeshuka? Njoo kwanza, unga haupandishi kizazi. Na kama kweli ni misuli tu imelegea? Njoo kwanza, tujue kwamba ni hiyo tu.

Lakini ni mimea, itadhuru nini?

Si mimea mitupu. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutiwa madini makusudi kwa mujibu wa tiba yenyewe, na Chandraprabha Vati kwa kawaida ina chuma. Nyingine huchafuka zinapotengenezwa. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kupima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwa intaneti, na takriban moja katika kila tano ilikutwa na madini ya sumu: risasi, zebaki au aseniki. Risasi hukausha damu na kudhuru figo na mishipa ya fahamu. Ashwagandha imewahi kuhusishwa na maradhi ya ini, huleta usingizi, na inaweza kuongeza nguvu ya dawa za sukari na presha. Bibi wa miaka 70 mwenye usingizi, anayeamka kizani kukimbilia choo, anaanguka na kuvunjika nyonga.

Dada yangu alitumia akapona.

Alhamdulillahi. Dada yako alipimwa kabla? Njoo upimwe.

Nimepunguza maji ya kunywa. Si inasaidia?

Haisaidii, inazidisha. Mkojo mzito huwasha kibofu, nacho hukubana zaidi. Nawaona wanaoshuka kwenye mashua hawajagusa maji tangu alfajiri kwa sababu chomboni hakuna choo, na mkojo wanaonipa una rangi ya chai ya mkandaa. Kunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, isipokuwa kama daktari amekuwekea kiwango kwa ajili ya moyo au figo. Punguza saa mbili hivi kabla ya kulala. Cha kupunguza hasa ni kahawa chungu na chai nzito.

Na shabu?

Shabu ni ya kusafishia maji. Ukeni haikazi misuli yoyote. Inakausha na kuchubua ngozi ambayo baada ya hedhi kukoma imeshakuwa nyembamba. Tafadhali, wanaowauzia mama zetu shabu kwa jina la kubana mkojo, acheni.

Basi kinachosaidia ni nini?

Mazoezi ya misuli ya nyonga, na hayauzwi. Kaza kama unayezuia upepo usitoke mbele za watu, bila kukaza tumbo wala makalio, na bila kuzuia pumzi. Shika sekunde chache, legeza, rudia. Polepole ufike sekunde 10, mara 8 hadi 12, vipindi 3 kwa siku. Wenye kupenda mambo ya Kihindi wafurahi: yoga ina zoezi la kukaza huku huku, linaitwa mula bandha. Hilo fanyeni! Lakini fanyeni miezi 3 mfululizo. Wengi huacha wiki ya pili, kisha wananiambia halifai.

Anayebanwa ghafla aufundishe mkojo kungoja: ongeza robo saa kati ya choo na choo, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Punguza uzito, tibu kikohozi, choo kikubwa kisifunge. Hospitali ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, pete ya kushikilia kizazi, vidonge vya kibofu, na upasuaji kwa wanaouhitaji.

Udhu wangu je?

Hilo la ustadhi, si la muuguzi. Nijuavyo, mwenye udhuru wa kudumu haachi sala: hujisafisha, hujifunga, hutawadha wakati ukishaingia, akasali. Nalitaja kwa sababu wapo walioacha hata kwenda maulidini, wamejifungia ndani na chupa ya unga.

Lini nisingoje hata kesho?

Damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata bila maumivu. Damu ukeni baada ya hedhi kukoma. Homa pamoja na maumivu ya ubavu. Mkojo kugoma na tumbo la chini kuvimba. Ganzi sehemu za siri huku miguu ikiishiwa nguvu. Mzee kuanza kuropoka ghafla.

Na mkojo unaotiririka mchana na usiku bila kukoma, hasa kama ulianza baada ya uzazi mgumu, huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Wapo wanaoishi nayo tangu ujana wakaizoea. Hutibiwa kwa upasuaji.

Nikija, nije na nini?

Dawa zote unazotumia, za hospitali na za Kihindi, pamoja na hiyo chupa na kijiko chake. Ukitaka kuhudumiwa na mwanamke, sema ukifika tu. Na usikojoe ukishuka gatini, tutauhitaji mkojo huo.