Paka mchanga wa mtaani anayekataa kushikwa: maswali na majibu

Nimemchukua mtoto wa paka aliyezaliwa nyuma ya soko la samaki. Nikimsogelea anajibana kwenye kona na kunitolea "khss". Ni mkali wa kuzaliwa?

Hapana, huyo anaogopa. Paka humjua rafiki na adui akiwa mdogo mno, kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi tangu azaliwe. Ambaye siku hizo hakuguswa na mkono wa mtu, na alimwona mama yake akitimua mbio kila mpita njia alipotokea, anakua akiamini binadamu ni wa kukimbiwa. Mwenye wiki 8 hadi 12 bado huzoea, ila atakuchukulia wiki kadhaa badala ya siku chache. Mkubwa aliyekulia mtaani ni kazi nyingine kabisa. Mara nyingi afadhali ahasiwe, achanjwe, kisha aachwe pale anapoishi. Kama hujui umri wake, tazama macho: rangi ya bluu ya uchanga huanza kubadilika akikaribia wiki ya 6 au ya 7.

Nianzie wapi?

Anza na chumba kimoja kidogo. Ukimwachia nyumba nzima atajichimbia nyuma ya kabati na hutamwona tena. Mwekee boksi lililolazwa ubavu ajifiche, maji, na beseni la mchanga la kujisaidia mbali na chakula.

Chakula ndicho kitakachokuombea urafiki, kwa hiyo usikiache kwenye sahani siku nzima. Mpe kidogo kidogo, mara 4 kwa siku, nawe ukae sakafuni chumbani humo humo anapokula. Samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba au nyama ya kusaga vinafaa, bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa paka. Maziwa ya ng'ombe humharisha, na mtoto wa paka akiharisha huishiwa maji upesi sana.

Usimkodolee macho. Mwangalie kwa upande, ufumbe macho polepole na kuyafumbua. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walionesha kwamba paka huelekea zaidi kumsogelea mtu wasiyemfahamu anayewafumbia macho hivyo kuliko anayewatazama tu.

Akishakula mbele yako bila kusitasita, mpe kwa kijiko. Huku akilamba, kidole kimoja kimguse shavuni au nyuma ya sikio, kikitokea ubavuni. Mkono usitoke juu. Kwa paka wa Mombasa au Unguja, kinachoshuka kutoka juu ni kunguru. Tazama masikio yake: yakilala na mkia ukianza kupigapiga, ondoa mkono kabla hajakuonya kwa makucha. Dakika chache mara nyingi kwa siku zinafaa kuliko saa nzima ya kumng'ang'ania. Ukisikia koo lake likitetema, hapo amekukubali.

Jirani anasema nimkamate tu shingoni kwa nguvu, atazoea.

Atazoea kukuogopa. Kila ukimkamata kwa nguvu unamthibitishia alichokuwa akikishuku. Ikibidi kumbeba, kwa mfano kumpeleka kwa daktari wa mifugo, mfunike kwa kanga, mzungushie miguu yote minne na umwinue ukiwa umemshika kifuani na nyuma. Wala usimchezeshe kwa vidole. Tumia kamba au kitambaa, maana mkono aliozoea kuuma akiwa mdogo atauuma vilevile akiwa mkubwa.

Ameshaniuma. Kidonda ni kidogo, nisubiri?

Usisubiri. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usipake pilipili, mafuta ya gari wala dawa ya kienyeji, na usikifunge kidonda kwa kukikaza. Kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, kwa kuuma au kukwaruza, na dalili zikishamtokea mtu karibu kila mara hufa. Chanjo ikianza mapema, pamoja na sindano ya kinga pale daktari anapoona inahitajika, humwokoa. Kumchunguza paka kwa siku 10 ni muhimu, lakini kusikucheleweshe kuanza chanjo.

Jino la paka ni jembamba, hutoboa ndani na kuacha tundu dogo juu, na bakteria hubaki huko chini. Kidole kikivimba na kuuma kesho yake, rudi upesi. Ulizia na chanjo ya pepopunda.

Ndiyo maana nasisitiza upole: mtoto wa paka asiyelazimishwa hana sababu ya kuuma.

Mke wangu ni mjamzito. Tumtoe paka?

Hakuna haja. Hofu ni vimelea vya toksoplasma, vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka aliyeambukizwa, lakini huchukua angalau siku 1 kabla ya kuweza kuambukiza. Basi mchanga usafishwe kila siku, na mtu mwingine afanye kazi hiyo. Mkeo naye ale nyama iliyoiva vizuri na mboga zilizooshwa, kwa kuwa vimelea hivyo hupitia huko pia.

Na chanjo na minyoo?

Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki ya kwanza. Dawa ya minyoo huanza mapema. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akifika wiki 12. Dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, na panadoli yako, vyote viwili huua paka.

Nina wawili wa tumbo moja. Mmoja analala mapajani, mwingine bado anakimbia.

Watenganishe kwa muda. Wakiwa pamoja, mwoga hujificha nyuma ya mwenzake na hana haja na wewe. Akiwa peke yake atatafuta joto na mchezo, na aliye karibu ni wewe. Warudishe pamoja yule mwoga akianza kukufuata mwenyewe, hata kama hujashika sahani.